Namna ya kufundisha mutoto kuandika barua ya kulomba kintu, mpaka mwenye kuisoma akubali

Bazazi na bamwalimu, batoto betu banajua kulomba zamani sana mbele ya kushika biki. Tuma mutoto wa myaka tisa ku soko ya Kenya, ile komine ya Lubumbashi, akutafutie meka moja ya bunga, utaona vile anaongea na ule mama mwenye kuuzisha: anamusalimia kwanza, anamwambia "mama, tunakuyaka paka kwako kila siku", anaonyesha ile feza iko mukononi, kisha analomba matabishi, na mara mingi anarudia nayo ku nyumba. Ule mutoto anajua tayari kumwangalia mutu, kusikia anataka nini, na kumupatia sababu. Lakini mupatie karatasi umwambie aandikie direkteri barua, ile akili yote inapotea, anaandika "ninalomba munisaidie juu ninataka sana sana, tafazali, Mungu awabariki" kisha anaweka sinyatire. Mu ile barua hakuna sababu hata moja, na mutu mwenye kuisoma haonekane ndani.

Ninafundisha ba 5 na ba 6 primeri, na ile ninaeleza hapa njo ile tunafanyaka mu kalasi, lakini mama ao papa anaweza kuifanya ku nyumba na mutoto moja tu, hata siku kuran imekatika, torshi ya telefone inatosha.

Kintu ya kwanza, barua ikuwe ya kweli. Mutusaidie, tuache kupatia batoto ile sije ya "andika barua kwa Prezida juu ya amani". Mutoto hajue aseme nini, anakopia maneno ya radio, na anabakia na wazo kama barua ni kintu ya kujaza karatasi. Muulize yeye mwenyewe anataka nini. Utashangaa. Bengine banataka kreasio irefuke kidogo, moja anataka mama yake aache kumunyoa kichwa yote, mungine anataka kalasi ipelekwe kuangalia banyama ku zoo ya Lubumbashi juu tangu azaliwe hajaingia mule hata kama anapitaka pembeni. Kisha uliza swali moja tu: nani anaweza kusema ndiyo? Juu ya zoo, mwalimu hawezi kukata maneno peke yake, ni direkteri, na bazazi njo benye kulipa feza ya kuingia na transpor, basi labda ni barua mbili, na kila moja iko na mutu wake.

Na ile anayolomba ikuwe ya kushikika. "Masomo yetu ikuwe muzuri" hakuna mutu anaweza kuijibu. "Tunalomba ndoo mbili ya maji na sabuni pembeni ya vyoo, kila asubui mbele ya kreasio" direkteri anaweza kuisoma na kujibu leo leo.

Sasa tufike pa nguvu, na hapa musikimbie. Mbele ya kuandika hata mustari moja, mutoto akunje karatasi mara mbili. Upande wa kushoto aandike ile anataka. Upande wa kuume aandike mambo ya ule mutu: anapenda nini, anaogopa nini, nini inamuchokesha, alishasemaka nini siku ingine alipolombwa kintu ya namna ile. Karibu batoto bote banajaza kushoto mbio mbio na kuume inabakia nyeupe. Bakia paka pale. Usimusaidie mbio. Ile upande nyeupe njo somo yenyewe.

Nipatie mufano ya mutoto moja wa 5, alitaka papa yake amupeleke kuangalia Mazembe, timu ya mupira ya Lubumbashi, ku stade ya Kamalondo. Barua yake ya kwanza ilikuwa hivi:

"Papa, ninakulomba unipeleke ku stade. Mazembe ni timu kubwa sana. Ilishinda kombe ya mashampioni ba Afrika mara 5, mu 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mu 2010 ilifika ku finale ya Mondial ya maklabu. Batoto bote ba avenyu balisha kwenda nabakia paka miye. Tafazali papa."

Ile ya myaka yote ni kweli, na nilimupongeza juu alienda kuitafuta. Lakini nikamuuliza, papa yako hajui kama Mazembe ni timu kubwa? Akacheka, asema papa njo alimufundisha zile myaka. Basi, kama papa anajua, juu ya nini anakatalaka? Alinyamaza muda murefu, kisha akaanza kuandika upande wa kuume: bantu mingi pa mulango, kurudia usiku, feza ya tiketi, devuare ya siku ya kwanza. Pale barua ilikuwa tayari, ilibakia tu kuiandika:

"Papa mupenzi, ninakulomba tuende pamoja siku ya yenga kuangalia mechi ya Mazembe ku Kamalondo. Ninajua unaogopa juu ya bantu mingi na juu ya usiku. Mechi inaanza saa tisa na nusu, itaisha mbele ya saa kumi na mbili, jua itakuwa ingali. Yaya amekubali kukuya na siye, na nitashika mukono yako pa kuingia na pa kutoka. Devuare nitaimaliza siku ya posho asubui na utaiangalia mbele tutoke. Feza ya tiketi, niko na nusu, nimeiweka kidogo kidogo ku ile kambo ananipatiaka. Tena papa, kila mara ukitoka ku stade unatuelezeaka mechi yote mangaribi. Mara hii ninataka tuielezee bote mbili."

Angalieni vile Mazembe yenyewe imetoka karibu yote mu barua ya pili. Sababu inaweza kuwa ya kweli na bado haisukume mutu, juu ule mutu hakuwa na mashaka pale. Mutoto akisikia hii moja tu, amejifunza nusu ya kazi. Papa alijibu ku mugongo ya ile ile karatasi, mistari mbili, asema sawa, lakini ninataka nione devuare kwanza.

Kuko hadisi moja ninaipendaka kuelezea batoto ku hii kipande, na ni ya kweli. Mu 1860, kule Marekani, mutoto mwanamuke wa myaka 11, jina yake Grace Bedell, wa muji ya Westfield mu jimbo ya New York, aliandikia Abraham Lincoln wakati Lincoln anatafuta kura za kukuwa prezida. Alitaka Lincoln aachilie ndevu ziote. Hakuandika asema "ninapenda ndevu". Aliandika kama uso yake ni yembamba na atakuwa muzuri zaidi na ndevu, kama bamama banapenda ndevu na batasukuma bamume babo bamupigie kura, na kama yeye Grace iko na bandugu bane, bengine babo balikuwa tayari upande wa Lincoln, na Lincoln akikubali atajaribu kuvuta benye kubakia. Ile wakati bamama habakuwa na ruhusa ya kupiga kura kule, na mutoto alijua, njo maana alipita ku bamume. Barua aliiandika tarehe 15 mwezi wa 10, Lincoln alijibu tarehe 19, siku ine tu.

Nikifika pale ninaulizaka kalasi: Lincoln alikuwa anatafuta nini ile siku? Bote banapiga makelele, "kura!" Na Grace alimupatia nini? "Kura!" Habasahau tena. Kisha ninabaonyesha kintu ingine yenye bantu banapitaka bila kuiona: Grace alijua Lincoln iko na kazi mingi, akamwandikia kama hana nafasi ya kujibu, na kama iko na binti, binti yake ajibu pa nafasi yake. Alimurahisishia jibu. Fundisha mutoto wako ile, mu barua kukuwe mustari moja wenye kurahisisha: "unaweza kujibu ku mugongo ya hii karatasi", ao "kama juma hii haiwezekane, tuambie juma gani".

Na jibu ya Lincoln haikusema ndiyo wala hapana. Alijibu kama hana binti, iko na bavulana batatu, na akauliza kama bantu habataona ni upuzi yeye kuanza kufuga ndevu sasa, juu hakuzifugaka hata siku moja. Lakini mwezi wa 2 wa 1861, akipita pa Westfield na treni kwenda kushika kazi, alikuwa na ndevu, na aliita ule mutoto mu bantu akamusalimia. Batoto bajue na hii: mutu anaweza kusita mu barua na kubadilika nyuma.

Bon, kisha karatasi ya kukunja, tunacheza muchezo ya "lakini". Batoto mbili mbili. Moja anasoma kwa sauti ile analomba na sababu, mungine anakuwa mama ao direkteri, na yeye anaruhusiwa kusema paka sentensi yenye kuanza na "lakini". Lakini feza itatoka wapi. Lakini batoto ba kiloko batabakia na nani. Lakini mwaka ilipita mulivunja ile vitu. Batoto banapenda sana hii, juu kwa mara ya kwanza banaruhusiwa kusema kama bakubwa, na banasema kabisa kama bakubwa, utasikia sauti yako mwenyewe mukinywa ya mutoto. Wakimaliza, achague "lakini" moja, ile nzito, na aiweke mu barua pamoja na jibu yake. Asiweke zote, juu akiweka zote barua inakuwa kama mutu mwenye kuogopa, na anamukumbusha musomaji sababu za kukatala zenye hakuwa hata amefikiria.

Juu ya sababu zenyewe, mbili ao tatu inatosha. Kila moja ifuatwe na kintu ya kuonekana: mufano, hesabu, ao ile mutoto aliona na macho yake. Kama banataka maji pembeni ya vyoo, batoke ku kreasio na karatasi bahesabu bo benyewe, batoto ngapi banaingia mule, ngapi banapata maji ya kunawa. Siku moja ya kuhesabu inapita maneno mingi ya "usafi ni muzuri". Na batoto benye habapendi kuandika, hapo njo utabaona bameamuka, juu kazi yabo ni kwenda kuangalia.

Pa uongo ukuwe mukali. "Benzangu bote beko na telefone" ni uongo, mutoto anajua, mama anajua, na mama akisikia uongo moja hataamini tena na ile ilikuwa ya kweli. Muulize, bote, ao batatu? Aandike batatu na aseme banaitumia kwa kazi gani. Vile vile kutisha ("usipokubali sitakula") na kulia kwa maneno mingi ("ninateseka sana mu hii dunia") tunaviondoa. Lakini kueleza maumivu ya kweli, ile hatuiondoe, ibakie, mutoto mwenye anatembea saa nzima kufika ku masomo aandike kama anatembea saa nzima, mara moja, wazi wazi, kisha apite ku ile analomba.

Sura ya barua haina shida, mupite pale mbio. Juu, upande wa kuume: Lubumbashi na tarehe. Jina ya mwenye kuandikiwa na kazi yake. Mustari ya "Konserne" yenye kusema ni maneno gani, mufano "Konserne: kulomba kwenda ku zoo". Salamu. Kisha, mu mistari miwili ya kwanza, ile analomba, yote. Batoto banaiga barua za bakubwa zenye kuanza na heshima ya nusu karatasi, "nina furaha na unyenyekevu wa kukuya mbele ya utu wenu mukubwa", na pale sekretere amechoka tayari. Heshima mustari moja, ya kutoka ku roho, kisha analomba. Karatasi moja, upande moja. Ku mwisho jina, kalasi, sinyatire, na kama kuko mutu mungine anapashwa kujua, "kopi kwa mwalimu wa 5". Barua ya papa ao mama haitake ile yote, "Mama mupenzi" na jina ku mwisho inatosha.

Luga gani? Ninawaambia wazi, anzeni na Kiswahili. Ku masomo barua itaandikwa mu Kifaransa, na ku egzame ya mwisho ya primeri Kifaransa inabangojea, ile sikatale. Lakini sababu za mutoto zinaishi mu luga ya nyumba. Mutoto mwenye kutafuta sababu na kutafuta neno ya Kifaransa pamoja anaishia kuandika ile anajua kuandika, hapana ile anafikiri. Basi tunajaza ile karatasi ya kukunja yote mu Kiswahili, na barua ya kwanza mu Kiswahili, kisha tunaipeleka mu Kifaransa pamoja ku tabulo. Wafundishe mapema maneno yenye kufunga sentensi: juu, kwa mufano, njo maana, hata kama, ukikubali basi. Mutoto mwenye kutumia "hata kama" vizuri amekomaa mu kufikiri, utaiona.

Batoto ba kiloko, ba 1 na ba 2, habaandike barua nzima. Banasema kwa mudomo, "ninataka hii juu ya hii", mukubwa anaandika, bo banachora na kuweka jina. Ba 3 na 4, sababu moja na mufano moja. Hii yote ingine ni ya ba 5 na 6.

Kusahihisha: biki nyekundu ibakie kwanza mu mufuko. Mutoto mungine asome barua kwa sauti, na mwenye aliiandika anyamaze asikilize. Kisha muulize musomaji maswali mawili, pa nafasi gani ulianza kukubali, na pa nafasi gani ulichoka. Aweke alama ya penseli pale. Mwenye barua anaandika tena akiangalia zile alama, na makosa ya kuandika tunayaondoa ku kopi ya mwisho tu, ile itatoka. Ukianza na makosa ya herufi, mutoto ataogopa, atafupisha sentensi zake zote, na sababu zake muzuri zitaenda na makosa.

Kisha barua iende. Kabisa kabisa, iende. Barua yenye kubakia mu kaye inamufundisha mutoto kama maneno yake ni ya kupata points tu. Kwa direkteri ao ku komine, baandike kopi mbili, bapeleke bo benyewe pamoja na mukubwa, moja inabakia, ya pili sekretere anaiweka tarehe na sinyatire, ile njo akize, alama kama barua ilipokelewa, na mutoto anairudisha ku nyumba anaishika kama diplome. Batoto ba 6 ninabasomeaka na artikle 27 ya Konstitisio ya tarehe 18 mwezi wa 2 wa 2006: kila Mukongomani iko na haki ya kuandikia serkali petisio, peke yake ao na bengine, serkali inapashwa kujibu mu myezi mitatu, na hakuna mutu anaweza kushitakiwa juu alifanya vile. Na inchi yetu ilikubali tangu 1990 ile Konvansio ya haki za mutoto, artikle ya 12 inasema mutoto mwenye kuweza kufikiri iko na haki ya kutoa wazo yake mu mambo yenye kumugusa, na bakubwa baihesabu kufuatana na myaka yake.

Njo maana ninawalomba, bazazi, kintu moja yenye kuniuma. Musichukue mukono ya mutoto kuandika maneno ya bakubwa. Kama kuko ugomvi ya kiwanja, ao ya familia, ao ya politike ya avenyu, bakubwa baandike na baweke majina yabo. Mutoto aandike juu ya yenye yeye anaiona na anaitaka. Na barua ya mutoto musiitupe mu WhatsApp na jina yake, masomo yake na numero ya nyumba.

Ukiandikiwa weye, jibu kwa kuandika. Mistari mbili inatosha, lakini weka sababu. "Hapana, juu mwezi hii tunalipa nyumba" ni jibu ya heshima, mutoto anaweza kuifanyia kazi. "Hapana" peke yake inafunga mulango na inamurudisha ku kulia. Mwenye amepata hapana na sababu anaruhusiwa barua ya pili, na ile ya pili ianze na ile sababu: "Mama, nimesikia juu ya nyumba. Basi ninalomba tungojee mwezi yenye kuya, na mbele ya pale nita..." Mara mingi barua ya pili njo muzuri kupita ya kwanza, juu safari hii upande wa kuume wa karatasi ule mutu mwenyewe njo ameujaza.

Na kama jibu haikuye, bangojee juma mbili, kisha barudie na akize mukononi, basalimie, baulize kwa upole kama barua ilifika ku meza ya direkteri. Mufundishe mutoto na ile sentensi mbele ya kutoka ku nyumba, airudilie kwa sauti: "Jambo mama, tulileta barua tarehe fulani, hii njo akize, tunakuya kuuliza kama kuko jibu."